Shajara ya mradi: kupunguza masaa jikoni bila kuiua chapati (Seattle, 2024 mpaka 2026)

14 Oktoba 2024: naanza

Wadau, nimeamua kuandika kila hatua hapa kwa sababu nilitafuta sana mtu mwenye mgahawa wa vyakula vya kwetu huku Marekani aliyeingiza mashine halafu akaeleza na kilichomshinda, nikakosa, kila mtu anaonyesha video ya mashine ikiwa bado inang'aa. Mi nina kimgahawa Rainier Valley, kusini mwa Seattle, viti 34, tunafungua siku 6 kwa wiki, tunauza chapati, maharage ya nazi, pilau, mishkaki, sambusa na chai ya maziwa. Wafanyakazi 6 ukinitoa mimi.

Shida ni hii. Sheria ya kima cha chini ya jiji ilipita 2014, ikaanza kwa awamu 2015, na sisi wenye waajiriwa 500 kushuka chini tukapewa nafuu, yaani ukihesabu bakshishi au bima ya afya ya mfanyakazi unaruhusiwa kulipa pungufu. Mwaka huu nalipa dola 17.25 kwa saa. Nafuu inakufa 31 Desemba, kuanzia 1 Januari 2025 wote ni 20.76, mkubwa kwa mdogo. Mwaka huuhuu kulikuwa na pendekezo baraza la jiji la kuiendeleza hiyo nafuu, likaondolewa, ndo basi tena.

Hesabu yangu: masaa 190 kwa wiki mara nyongeza ya 3.51 ni kama dola 667 kwa wiki, kwa mwaka 34,679, ongeza na ile 7.65% ya mwajiri ya Social Security na Medicare (pensheni na bima ya afya ya wazee ya serikali) unafika kama 37,300. (Bima ya ajali kazini ya jimbo hili inahesabiwa kwa masaa na sio kwa mshahara kwa hiyo yenyewe haigusi hapo, angalau.) Faida yangu ya mwaka jana haikufika hiyo hela.

Na kabla mtu hajasema nalialia, mi mwenyewe nilikuwa naosha vyombo mjini hapa 2015 na ile nyongeza ya kwanza niliipokea kwa mikono miwili. Halafu wateja wangu wengi ni madereva na watu wa uwanja wa ndege, pale SeaTac, mji wenye huo uwanja, kura ya kima cha dola 15 kwa saa ilipigwa Novemba 2013 ikapita kwa kura 77 tu, kwa hiyo hela ya chapati ninayoipokea kaunta inatoka hukohuko. Nitalipa 20.76. Ila lazima nijue masaa 190 yanaishia wapi.

21 Oktoba 2024: daftari na saa ya simu

Wiki nzima nimezunguka na daftari kama mkaguzi, watu wakaanza kunong'ona kwamba nataka kufukuza mtu, ikabidi niwakalishe niwaeleze. Kwa wiki: kaunta, yaani oda, hela na simu, masaa 52. Vyombo 41. Chapati 38. Mapishi mengine 35. Kukatakata vitunguu na kachumbari 14. Usafi wa kufunga 10.

Mi nilikuwa naapa kwamba chapati ndo mla masaa. Kumbe vyombo vinaipita. Na hata ndani ya hizo 38 za chapati (tunatoa kama 1,400 kwa wiki) kusukuma kwenyewe sio sehemu kubwa, muda unaliwa na kukanda, kukata madonge, kuyapima yalingane. Mtu mwenye akili angeanza na vyombo kesho yake. Mi sikuanza na vyombo.

Gharama: sifuri, na shangazi yangu anayesukuma chapati kuninunia siku mbili kwa kumsimamia na saa mgongoni.

16 Novemba 2024: roboti wa kubeba sahani

Kampuni moja ya kukodisha ilinipa wa majaribio wiki moja bure, yule mwenye rafu nne anayetembea mwenyewe kutoka jikoni mpaka mezani. Siku ya kwanza watoto walifurahi mno. Siku ya pili ikaonekana kwamba kati ya chumba cha mbele na cha nyuma kuna kizingiti cha sentimita 2, akifika pale anasimama anaomba msaada, mtu anaacha kaunta anaenda kumvusha, halafu na kurudi hivyohivyo. Chai ilimwagika mara tatu. Mzee mmoja wa kwetu alikataa kabisa kupokea kikombe, akasema hajawahi kuandaliwa chai na kabati.

Bei waliyonipa ni 750 kwa mwezi, mkataba miezi 36. Lakini hata angekuwa bure, rudi kwenye daftari: kubeba sahani hakumo. Ni sekunde chache za mtu wa kaunta kugeuka. Nilikuwa nataka kununua dawa ya ugonjwa ambao sina.

Usiku huo nikakaa kusoma wakubwa wamefanya nini. California minyororo ya vyakula vya haraka yenye matawi 60 na zaidi ililetewa kima cha dola 20 kwa saa kuanzia 1 Aprili 2024, na huko ndo utaona vituko vingi. McDonald's walikuwa wanajaribu sauti ya kompyuta kuchukua oda za magari kwenye matawi zaidi ya 100, wakaifunga Julai 2024. Chipotle, wale wa vyakula vya Kimeksiko, wamekuja na mashine ya Autocado, inakata parachichi, inatoa kokwa na kumenya, ila kuliponda liwe guacamole (rojo la parachichi) bado ni mkono wa mtu. Hiyo niliisoma mara mbili. Wana hela zote zile na bado mashine wameipa kumenya tu.

8 Desemba 2024: skrini za kujihudumia

Nimefunga tableti mbili kwenye stendi mlangoni, skrini moja jikoni, printa ya risiti. 1,840 vifaa, 118 kwa mwezi ya programu. Kuweka menyu nilidhani ni jioni moja, zikaenda jioni tano, manake menyu yetu ilikuwa kichwani kwa watu na sio kwenye karatasi. "Weka kama kawaida" utaibonyeza wapi? Maharage nusu nyama nusu ni bei gani? Ikabidi kwa mara ya kwanza tangu nifungue tukubaliane bei za vitu ambavyo kila mtu wa kaunta alikuwa anajipangia.

Kosa la kwanza: niliacha kisanduku cha maelezo wazi. Watu wakaandika Kiswahili, Kisomali, Kiamhari, mmoja aliandika aya nzima kuhusu mzio wa karanga na jikoni hakuna aliyeisoma mpaka alipokuja mwenyewe kuuliza. Nilisikia baridi. Sasa mzio una kitufe chake, jikoni oda inatokea nyekundu na haitoki mpaka mpishi aiguse. Kisanduku nimekifuta. Mkinakili kitu kimoja kwenye shajara hii, nakilini hicho.

1 Januari 2025

20.76 imeanza. Tulifunga siku hiyo, ila nimeandika tarehe. Chapati imepanda senti 50. Lawama nilizipokea kwenye simu za salamu za mwaka mpya.

2 Februari 2025: mashine ya kugandamiza, sehemu ya aibu

Nilikuwa nimeshaweka kwenye kapu mashine ya roti ya kutoka India, nzuri kwelikweli kwenye video, kabla sijalipa nikakumbuka kuuliza. Idara ya afya ya kaunti ya King, ambayo Seattle imo ndani yake, inataka vifaa vya jikoni vya kibiashara vilivyopitishwa, kile kinembo cha NSF cha usafi na usalama wa vifaa vya chakula au kinacholingana nacho, na ile haikuwa nacho. Halafu umeme wake ni fezi tatu, ule wa mashine kubwa za viwandani, volti 415 hezi 50, huku ni hezi 60. Nikaifuta, nikajipongeza kwa ujanja.

Wiki mbili baadaye nikaenda mnada wa mgahawa uliofungwa nikanunua mashine ya kugandamizia tortila, ile mikate bapa ya Kimeksiko, dola 900, kinembo kipo, mpya inauzwa mara kadhaa ya hapo. Nikaileta na pikapu ya kukodi, nikaigeuza nione plagi: miguu minne. Fezi tatu. Jengo letu lina fezi moja. Yaani nimekwepa shimo la India nikatumbukia la mtaani kwangu. Kifaa cha kutengeneza fezi ya tatu 640, fundi umeme pamoja na kibali cha jiji 1,150. Mashine ya 900 ikawa ya 2,690 kabla haijagusa unga.

Na ilipogusa sasa. Sahani zake zilikuwa kwenye nyuzi joto 350 za kizungu (Fahrenheit), kama 177 za kwetu (Selsiasi), unaweka donge unabana sekunde mbili unatoa kitu cha duara kizuri sana, unakipeleka kwenye kikaango, kinatoka... tortila. Ngozi imeshaiva, ndani hakuna tabaka hata moja, ukikunja inapasuka. Shangazi alikata kipande, akatafuna polepole, akasema, "Mwanangu, hii mpe njiwa."

Shangazi ana miaka 61, amesukuma chapati tangu Tanga, mabega yanamuuma na ndo sababu nusu ya mradi wote huu. Nilimwambia shikamoo nikaenda kukaa kwenye gari.

7 Machi 2025: Ijumaa ya Ramadhani

Saa 12 jioni kasoro, watu kama 40 wanangoja kufuturu, sambusa zinatoka kwa trei, na printa ya jikoni ikapotea kwenye waifai. Skrini za mlangoni zikaendelea kupokea hela kama kawaida bila kumwambia mtu kitu. Dakika 11. Tulipogundua tulikuwa na oda 23 zilizolipwa ambazo jikoni haijui kama zipo. Nikasimama juu ya kiti nikauliza nani kaagiza nini, tukaandika kwenye maboksi. Tende na maji niligawa bure, wengi walinisamehe, wawili nikawarudishia hela.

Kampuni ya programu ikasema tatizo ni ruta yangu, mtu wa ruta akasema ni programu. Nilichofanya: waya wa netiweki kutoka ruta mpaka printa na mpaka skrini ya jikoni, hakuna tena waifai kwenye kitu chochote kinachobeba oda. Printa nikaipa anwani yake ya kudumu isibadilike ikizimwa. Simu ya zamani yenye bando lake iko kwenye droo kama akiba. Na nikawasha ile ya "printa isipojibu, simamisha oda", ambayo ilikuwepo siku zote ndani ya mipangilio imezimwa. Waya na viunganishi dola 64.

27 Aprili 2025: chapati imekubali

Miezi miwili na nusu ile mashine ilikaa imefunikwa kitambaa. Kilichoifufua ni shangazi, sio mimi. Nilikuwa nambadilishia unga, maji, mafuta, kila kitu nikitaka donge moja lipite kwenye mashine litoke chapati. Yeye akaniuliza swali dogo tu, kwa nini mashine ifanye kazi ya mwisho, isifanye ile ya katikati?

Sasa mtiririko ni huu. Mikisa ya zamani inakanda. Donge kubwa linapumzika dakika 40. Kisha mashine ya mkono ya kukata madonge, ile ya wenye bekari, unavuta mpini mara moja unapata vipande 36 vinavyolingana (820 ya mtumba, haina umeme kabisa, ndo kitu bora nilichonunua mradi mzima na hakina hata taa). Mashine ya kugandamiza tumeishusha mpaka 140 za kizungu, kama 60, vuguvugu tu, inatandaza donge liwe jembamba. Anayepika anapaka mafuta, anakunja, anazungusha kama konokono kwa mkono, hapo hakuna mashine. Konokono linapumzika nusu saa, na usiibe hata dakika tano manake lisipolegea ukilibana linarudi kama mpira. Kisha mbano wa pili sekunde moja, pini ya mkono mara mbili tatu kumalizia kingo, kikaangoni.

Tabaka zipo. Mteja wa Mombasa amekula nne hakusema kitu, kwa mtu wa Mombasa hizo ni sifa. Masaa ya chapati yameshuka kutoka 38 mpaka 31 tu. Niliota 15. Lakini mzigo wa mabega umehama, shangazi anasukuma robo ya alivyokuwa anasukuma, na kijana mwanafunzi aliyefundishwa wiki tatu sasa anatoa chapati inayouzika, zamani ilikuwa miezi.

15 Juni 2025: hatimaye vyombo

Miezi minane tangu daftari liniambie. Mashine ya kuosha vyombo ya mlango wa kupandisha, ya maji moto, suuza ya mwisho nyuzi 180 za kizungu ambazo ni 82. Sikuinunua, nakodi 189 kwa mwezi na matengenezo ni yao. Bomba, umeme na vibali 2,300.

Kilichoharibika kwanza ni imani yangu kwamba itamaliza kazi ya kuosha. Sufuria za pilau haziingii. Vikombe vya plastiki vinatoka vimelowa na havikauki, vya kaure vinakauka vyenyewe kwa joto. Na mafuta ya mishkaki yakaziba chujio siku ya tatu, yule kaka wa Bukavu anayeosha akaniita, "Patron, hii mashine iko inalia mubaya." Alikuwa ameambiwa na fundi kwamba mashine inaosha kila kitu kwa hiyo hasugui tena. Sasa kuna ndoo ya kulowekea vijiko, mpira wa maji ya kasi kabla ya kupanga rafu, na chujio linafunguliwa saa 9 mchana na usiku. Vikombe vya plastiki tumevigawa.

Vyombo 41 imekuwa 25. Yule kaka nusu ya zamu yake sasa yuko kwenye mishkaki na anaujua moto kuliko mimi.

17 Agosti 2025: pilau kwenye jiko la wali la umeme

Kwa sababu ya zile sufuria zisizoingia. Majiko mawili ya wali ya vikombe 55, dola 240 kila moja. Mara ya kwanza ilijizima baada ya dakika 12, mchele mbichi juu, chini umeungua. Ukielewa inavyofanya kazi utaona kosa: ile inapima joto la kitako, maji yakiisha kitako kinapanda juu ya 100 inajua wali umeiva. Sasa mi niliweka vitunguu vya kukaanga na nyama chini kabisa, vikagandia, kitako kikapanda mapema, ikadanganyika.

Dawa: vitunguu vinakaangwa pembeni kwenye sufuria mpaka vigeuke rangi ya kahawa, hapo hakuna njia ya mkato, supu inachemshwa na viungo halafu inachujwa. Kwenye jiko la umeme mchele kwanza, supu ya moto, nyama na vitunguu juu bila kukoroga. Inatoka vizuri. Ukoko hakuna, na kuna watu walikuwa wanakuja kwa ajili ya ukoko, kwa hao Jumamosi tunapika sufuria moja ya zamani.

11 Januari 2026: hesabu

Nimerudia daftari wiki nzima. Kaunta 52 imekuwa 43, chapati 31, vyombo 25, mengine hayajasogea. Jumla 158 badala ya 190.

Mwaka 2024 nilikuwa nalipa 190 kwa 17.25, ni 3,277.50 kwa wiki. Mwaka 2025 ulipoisha, 158 kwa 20.76, ni 3,280.08. Yaani nimetumia 8,130 ya vifaa, ongeza waya 64, na 307 inayotoka kila mwezi, ili nibaki palepale. Bila hayo ningekuwa nalipa 3,944 kwa wiki na labda nisingekuwa naandika.

Yale masaa 32 yalikuwa ya watu, msinielewe vibaya. Dada mmoja wa kaunta alienda chuo sikujaza nafasi yake. Mwingine nilimpunguza kutoka 30 mpaka 20, akavumilia miezi miwili akapata kazi uwanja wa ndege akaondoka, aliniaga vizuri lakini haji tena kula. Bakshishi kwenye skrini zilishuka pia, mtu akibonyeza mwenyewe haoni uso wa kumpa, nikaweka kopo la zamani kaunta na zimerudi kiasi. Upande wa pili skrini inauliza kila mtu kama anataka sambusa na haichoki kuuliza, oda ya wastani imepanda dola 1.80, hiyo sikuitegemea.

Tangu tarehe 1 kima kimekuwa 21.30. Kwa masaa 158 ni kama 85 zaidi kwa wiki. Kinachofuata kwenye daftari ni yale masaa 14 ya vitunguu na kachumbari, nimeazima mashine ya kukatia mboga kwa jirani Mvietinamu, vitunguu imekata sawa, nyanya imezigeuza supu. Shangazi anataka kisu chenye meno kijaribiwe kwanza, na anataka mashine ya kugandamiza isogezwe sentimita kumi kushoto kwa sababu mpini unamgonga kiwiko. Fundi anakuja Jumanne.